Umeiosha

Niliisugua kwa majivu na limau
usiku kucha, nikidhani natenda wema:
shilingi ya babu, simba na milima yake,
ya mwaka wa ishirini na nne,
nyeusi kama sufuria ya karamu.
Kulipokucha iling'aa. Hata kuku waliigeukia.

Nikaifunga kwenye leso, nikapita njia ya kambini
hadi kwa Bi Kaltumu binti Farajala,
aliyehesabu fedha za wengine miaka thelathini
nyuma ya kioo cha benki, Kampala,
na sasa, hapa Bombo, anahesabu zake,
mojamoja, hazijazi kiganja.

Hakuigusa uso. Aliishika ukingoni
kwa ncha za vidole viwili,
kama mtu anayemwopoa nyuki kwenye chai.
Akaielekeza kwenye taa. Akaigeuza. Akaigeuza tena,
lenzi jichoni, pumzi ameibana.
Kisha akaitua juu ya kitambaa
akasema neno moja:
"Umeiosha."

Nikasema ilikuwa chafu.
Akasema ilikuwa nzima.
Ule weusi haukuwa uchafu, ulikuwa ngozi;
fedha hujivika yenyewe, polepole,
miaka mia bila fundi.
Tazama. Akanipa lenzi.
Nikaona mikwaruzo, maelfu, yote ya jana,
kama uwanja uliofagiwa na mtu mwenye hasira.

"Manyoya ya simba yalikuwepo," akasema,
"hapa shingoni, unyoya kwa unyoya.
Soko halikuyamaliza, wala jeshi,
wala mifuko yenye funguo.
Umeyamaliza wewe."

Akanifundisha madaraja yake, bila haraka.
Haijaguswa: haijanunua hata chumvi.
Nzuri mno: imepita mikono michache, yenye adabu.
Nzuri. Hapo nikatabasamu, nikadhani nimepona.
"Usicheke. Katika kazi hii
nzuri ni ile ambayo simba amekuwa paka,
na huyo paka mwenyewe unamkisia.
Ni neno la heshima tu, kama tunavyosema
mgonjwa ameamka salama."

"Na yangu?"
"Ingekuwa nzuri mno. Sasa haina daraja."
Akaandika kikaratasini, kwa mwandiko wa benki: imeoshwa.
Bei niliyoiota, bati kumi
na ada ya Adila ya muhula mmoja,
ikashuka hadi kilo mbili za sukari.

Labda aliniona uso. Akafungua bahasha,
akanionyesha shilingi tano, pembe saba,
ya mwaka sabini na mbili, iliyokusanywa na serikali
kabla haijazoea mifuko.
Korongo amesimama na taji lake,
hana alama ya kidole hata kimoja.
Haikununua kitu. Haikupotea, haikuibwa,
haikurushwa juu kuamua nani aanze mpira.
Ningependa kusema niliihurumia.
Uongo. Niliitaka mpaka mate yakanijaa.

Nyumbani mama alikuwa anasuka kawa.
Nikamweleza yote. Hakuuliza bei.
Alisema babu aliificha ndani ya soksi ya jeshi,
ikaenda naye Burma, ikarudi naye,
na soksi ile haikufuliwa njia nzima.
"Weusi ulianzia huko," akasema.
Kisha akakata unyuzi kwa meno:
"Siku yangu ikifika, Hemisi,
waambie wanawake: maji, na karafuu maiti.
Wasinisugue."

Ipo bado ile ya tundu, senti kumi,
chini kabisa ya kopo la Kimbo, nyeusi tii.
Nimekaza mfuniko.
Nusu ya limau iliyobaki
tuliikamulia mchuzi wa samaki.